Kahawa ya Barafu Nyumbani: Ichemshwe au Ilowekwe?

MSIMAMIZI: Swali letu ni jepesi kulitaja, gumu kulimaliza. Mtu yuko nyumbani kwake Dar es Salaam, mwezi wa Februari, jasho linamtiririka. Ana sufuria, chujio la chai, jagi na friji ndogo. Hana mashine ya kahawa, hana mizani, hana blenda. Anataka glasi ya kahawa baridi yenye ladha ya kahawa kweli. Achemshe kisha apooze, au aloweke kwenye maji baridi usiku kucha? Mama, tuanzie kwako.

MAMA WA NYUMBANI: Aloweke. Mimi jioni, vyombo vikishaoshwa, natia kikombe kimoja cha kahawa iliyotwangwa kwenye jagi, namimina vikombe vinne vya maji, nakoroga mpaka kahawa yote ilowe, nafunika na kuingiza kwenye friji. Asubuhi nachuja, nimemaliza. Sikuwasha jiko, sikusimama nikilinda sufuria isifurike. Kinachotoka ni kahawa nzito isiyokwaruza koo wala kuacha uchungu mkali nyuma ya ulimi. Nikiongeza maji kidogo au maziwa, na barafu, nyumba nzima inakunywa. Mwenye kazi za nyumbani hatafuti kitu kingine cha kumsimamisha jikoni. Anatafuta kitu kinachojipika wakati yeye amelala.

KIJANA WA MGAHAWA: Mama, hapo nakupinga. Haikwaruzi koo kwa sababu vitu vingi vizuri vya kahawa umeviacha kwenye machicha. Harufu ile inayokuita kutoka chumbani, na uchachu mtamu wa kahawa ya Kilimanjaro au ya Nyeri, vinatolewa na maji ya moto. Maji baridi hayana nguvu ya kuvitoa, hata uyape saa kumi na sita. Yanatoa rangi, uzito na nguvu ya kukesha, mengine yanabaki. Kama umenunua kahawa nzuri ya mlimani ukailoweka, umelipia harufu ambayo hutaisikia.

MAMA WA NYUMBANI: Basi tuambie yako.

KIJANA WA MGAHAWA: Yangu ni dakika kumi. Barafu inatangulia kwenye jagi. Chemsha maji, epua, acha yatulie kama nusu dakika. Kwa glasi moja ya maji tia vijiko vitano vya chakula vya kahawa. Koroga, funika, subiri dakika nne, kisha chuja moja kwa moja juu ya barafu. Inapoa papo hapo, na harufu inabaki ndani badala ya kupotea na mvuke. Hiyo inatosha watu wawili.

MAMA WA NYUMBANI: Vijiko vitano kwa glasi moja! Na bado unaniambia mimi ndiye ninayepoteza kahawa?

KIJANA WA MGAHAWA: Vijiko vitano kwa glasi mbili, mama, kwa sababu glasi ya pili ni barafu. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanapika kahawa ya kawaida, wanaimimina juu ya barafu, barafu inayeyuka, wanakunywa maji yenye rangi, halafu wanasema kahawa ya barafu haifai. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto linalotosha kushusha gramu moja ya maji karibu nyuzi 80. Kwa hiyo kahawa iliyotoka jikoni sasa hivi inahitaji barafu ya uzito sawa na wake ili iwe baridi kweli. Hiyo barafu yote itakuwa maji, hakuna ujanja. Uihesabu tangu mwanzo: nusu ya maji yako yanakaa jikoni, nusu yanakaa kwenye friza. Na usidanganywe na macho, vipande vya barafu vinaacha nafasi katikati. Kwa glasi moja ya maji tafuta glasi moja na nusu ya vipande, au zaidi kidogo.

MUUZA KAHAWA: Nimewasikiliza wote wawili, na nyote mmepotea njia kabla hata ya kufika kwenye maji. Kahawa ya dele ni chungu, haina sukari, na kikombe chake kinakaa kwenye kiganja na nafasi inabaki. Mtu anakunywa kwa mafunda madogo, anamega kashata, anasikiliza nani kafunga goli na nani kahamia chama gani. Kinachomweka pale ni ule moto. Hawezi kuigugumia, lazima asubiri, na akisubiri anazungumza. Glasi ya barafu mtu ameimaliza kwa mafunda matatu na ameshaondoka. Mnabishana namna ya kupoza kitu ambacho mkishakipoza hakina tena kazi yake.

KIJANA WA MGAHAWA: Mzee, kazi yake ni nini? Wahaya walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, kabla kikombe cha kahawa hakijawafikia. Hawakuwa na dele wala kashata. Utasema ile haikuwa kahawa?

MUUZA KAHAWA: Nitasema ilikuwa kahawa kuliko hiyo yako, mwanangu. Wahaya walimpa nani zile buni? Walimpa mgeni. Mgeni akifika anawekewa buni atafune pamoja na mwenyeji. Watu waliokula kiapo cha undugu wa damu walikula na buni. Umenitafutia ushahidi ukaniletea wa kwangu. Tangu mwanzo kahawa ni kitu cha kukaa na mtu.

MAMA WA NYUMBANI: Lakini baba, tuseme ukweli, hicho kijiwe ni chenu wanaume. Mimi saa ya kukaa barazani kusikiliza siasa sina. Saa nane mchana nimetoka kufua, bati limewaka juu ya kichwa, nataka kitu cha kuniamsha kisichonitoa jasho. Ukiniletea kikombe cha moto saa hiyo, umenitesa.

MUUZA KAHAWA: Kinywaji cha moto kinapoza mwili, mama. Kinakutoa jasho, jasho linakupoza. Hilo wazee walilijua.

KIJANA WA MGAHAWA: Wazee walilijua sehemu yenye hewa kavu. Jasho linapoza likikauka juu ya ngozi. Dar hii mwezi wa pili hewa imejaa maji, jasho haliendi popote, linadondoka tu na shati linagandia mgongoni. Ukiwa Dodoma nitakuunga mkono, Kariakoo hapana.

MUUZA KAHAWA: Sawa, hilo nimekuachia. Lakini la sukari hutanishinda. Ulimi uliopozwa hausikii utamu vizuri. Mimi nauza kahawa bila chembe ya sukari na watu wanarudi. Nionyeshe kijana mmoja anayekunywa hiyo ya barafu bila sukari vijiko vinne na maziwa ya kopo.

MAMA WA NYUMBANI: Ya kulowekwa haihitaji vinne. Uchungu wake ni mdogo.

KIJANA WA MGAHAWA: Kwenye hilo mzee ana haki, na mimi hulisema mbele ya wateja. Kitu hichohicho kikiwa cha moto ni kitamu, kikiwa baridi unaona sukari haitoshi, unaongeza. Tena sukari yenyewe haiyeyuki upesi kwenye baridi. Inazama chini, mtu anakoroga, hasikii kitu, anaongeza kijiko, na akifika mwisho wa glasi anatafuna mchanga. Dawa yake ni shira: kikombe cha sukari na kikombe cha maji jikoni mpaka iyeyuke, ipoe, itiwe chupani. Unamimina kidogo, unaonja, unaacha. Unaona kwa macho umetia kiasi gani.

MSIMAMIZI: Tumemkaribisha pia muuguzi. Nilidhani atatuambia habari za sukari. Kumbe ana jambo lingine.

MUUGUZI: Sukari mmeshaisema. Mimi nataka nimsikie mama vizuri. Maji unayolowekea unayatoa wapi?

MAMA WA NYUMBANI: Bombani.

MUUGUZI: Unayachemsha?

MAMA WA NYUMBANI: Ya kunywa nachemsha. Haya ni ya kahawa.

MUUGUZI: Na hiyo kahawa unaifanyia nini, mama, kama huinywi? Tatizo langu na kulowekwa ndilo hilo. Katika maisha yetu yote chai na kahawa vimetulinda bila sisi kujua, kwa sababu vilichemka. Mtu anaweza kuwa na kisima kichafu akanywa chai na asipate kitu. Ukiondoa moto, umeondoa ulinzi ambao hukujua kama upo. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianzia hapahapa Dar es Salaam. Mimi sitaki kusikia kinywaji ambacho maji yake hayakugusa moto.

KIJANA WA MGAHAWA: Mmesikia! Mama amejisifu hawashi jiko. Kumbe jiko ni lazima. Basi kama ni kuchemsha tu, achemshie kahawa hapohapo.

MUUGUZI: Usicheke, kijana, maana nakuja kwako. Barafu yako imetoka wapi?

KIJANA WA MGAHAWA: Friza.

MUUGUZI: Kabla ya friza?

KIJANA WA MGAHAWA: Pale mgahawani tunatumia maji ya kuchujwa.

MUUGUZI: Hatuzungumzii mgahawani, tunazungumzia nyumbani. Watu wananunua barafu ya mfuko kwa jirani, imegandishwa maji ya bomba au ya kisima. Kugandisha hakuui vimelea vyote. Vinalala mle, barafu ikiyeyuka vinaamka. Na usiniambie kahawa yako ya moto itaviua, maana umetwambia mwenyewe kwamba inapoa papo hapo. Kwa hiyo mmekamatwa wote wawili. Mama kwenye maji, wewe kwenye barafu.

MAMA WA NYUMBANI: Nesi, nimekubali, lakini sikubali kwamba nimeshindwa. Nyumbani kwangu maji ya kunywa yanachemshwa kila siku, sufuria kubwa, watoto wanaenda shuleni na chupa zao. Vikombe vinne vya kahawa navitoa humohumo yakishapoa. Moto ule ungewaka hata nisingekunywa kahawa. Huyu kijana kila anapotaka glasi yake lazima awashe upya. Kwa hiyo hesabu ya gesi bado ni yangu.

MUUGUZI: Hesabu ya gesi mtamalizana. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja yanatosha, yapoe yakiwa yamefunikwa, na trei ya barafu ijazwe maji hayohayo. Jingine: jagi la kulowekea likae ndani ya friji tangu dakika ya kwanza. Nimeona watu wanaliacha mezani usiku kucha kwa joto la huku. Kahawa iliyolowekwa si dawa ya kuua wadudu. Chombo kikiwa kichafu au kitambaa cha kuchujia kikiwa cha jana, unafuga kitu humo.

MAMA WA NYUMBANI: Na umeme ukikatika?

MUUGUZI: Ukikatika saa moja friji iliyofungwa inavumilia. Ukikatika usiku mzima, asubuhi imwage.

KIJANA WA MGAHAWA: Hilo la umeme ndilo linalonifanya niseme njia yangu ni ya watu wa kawaida. Inataka barafu tu, kwa dakika kumi. Ya mama inataka friji iwe hai usiku kucha. Na luku inasoma.

MAMA WA NYUMBANI: Friji inasoma luku hata isipokuwa na kahawa ndani! Au wewe yako unaizima ukiwa huloweki?

MUUZA KAHAWA: Mnagombania friji, na asiye na friji mmemsahau. Nyumba zisizo na friji ni nyingi kuliko mnavyodhani.

KIJANA WA MGAHAWA: Huyo atumie mtungi, mzee?

MUUZA KAHAWA: Mtungi ulitupa maji baridi miaka yote kabla ya friji.

KIJANA WA MGAHAWA: Kwa sababu maji yanapenya kwenye udongo na kukauka kwa nje, yanaondoka na joto. Ni lilelile jambo la jasho. Dodoma na Singida utapata maji baridi ya kufurahisha. Pwani utapata ya uvuguvugu mdogo.

MUUZA KAHAWA: Basi acheni niwafundishe, ingawa siipendi hiyo biashara yenu. Pwani kuna samaki, na penye samaki pana barafu. Nunua bonge la barafu ya samaki, livunje ndani ya beseni, nyunyizia chumvi ya mawe viganja viwili. Chumvi inaifanya ile barafu iwe baridi kuliko ilivyokuwa. Pika kahawa yako kwenye sufuria nyepesi, ichuje, irudishe kwenye sufuria safi, funika, ikalishe katikati ya beseni. Izungushe kwa mkono, funua, koroga, funika tena. Baada ya dakika chache shika ubavu wa sufuria, utautoa mkono mwenyewe. Barafu haikuingia kwenye kahawa, kahawa haikupungua nguvu, na nesi hana la kusema kwa sababu ile barafu chafu imebaki nje.

MUUGUZI: Sina la kusema, mzee, ila mtu asije akachukua kipande kwenye beseni akatia kwenye glasi kwa tamaa.

KIJANA WA MGAHAWA: Mzee, hiyo ni bora kuliko ya kwangu. Nasema kweli. Hakuna haja hata ya kuongeza kahawa maradufu, vijiko vitatu kwa glasi vinatosha.

MAMA WA NYUMBANI: Harufu ya samaki je?

MUUZA KAHAWA: Ndiyo maana nimesema funika.

MSIMAMIZI: Naingilia hapa kwa sababu kuna jambo linapitwa. Mnasema «chuja» kana kwamba ni neno dogo. Nimeonja kahawa ya kulowekwa iliyotengenezwa kwa unga wa dukani, ilikuwa tope. Chujio la chai halikuzuia kitu.

MAMA WA NYUMBANI: Kwa sababu unga ule umesagwa kwa ajili ya kuchemshwa, ni laini mno. Ukiulowesha unavimba, unapita kwenye matundu, unatua chini ya glasi kama matope ya mtoni. Kahawa ya kuloweka nunua nzima, itie kwenye kinu kidogo, kisiwe kile cha kutwangia tangawizi kama unacho kingine, maana harufu ya tangawizi haitoki. Twanga kwa kugonga, usisage. Simamisha mkono pale punje zinapokuwa chenga za ukubwa wa chenga za mchele. Kuna unga kidogo utatokea, upepete uende zake. Kuchuja nachuja mara mbili: kwanza chujio la chai kuondoa machicha, kisha kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa. Kisiwe kile cha tui la nazi, na kisifuliwe kwa sabuni ya manukato, maana kahawa inashika kila harufu. Usikamue kitambaa. Ukikamua, uchungu wote na tope vinashuka. Kiache kidondoke chenyewe, ukafanye kazi nyingine.

KIJANA WA MGAHAWA: Umesema kinu, umesema kupepeta, umesema kuchuja mara mbili, umesema usiku mzima. Na wewe ndiye uliyeanza kwa kusema ni kazi rahisi.

MAMA WA NYUMBANI: Nafanya mara moja, inakaa siku tatu kwenye chupa. Wewe unafanya kila unapoona kiu. Jumlisha.

MUUGUZI: Siku tatu naafiki, mradi chupa ni safi. Lakini mnanishangaza. Mnatwanga, mnaloweka, mnaviringisha sufuria kwenye beseni. Mimi nikiwa zamu ya usiku sina hata jiko. Nina chupa ya plastiki yenye kifuniko na pakiti ya Africafé. Natia kijiko kimoja cha kahawa, sukari kijiko kimoja, maji ya kunywa vijiko viwili tu. Nafunga, natikisa kwa nguvu mpaka mkono uchoke. Linatoka povu zito la rangi ya chai ya maziwa. Najazia maji baridi kutoka kwenye friji, nakunywa. Dakika mbili.

KIJANA WA MGAHAWA: Nesi, hiyo siyo…

MUUGUZI: Siyo nini? Wagiriki wana kinywaji chao cha namna hii, frappé, kilianzia kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki mwaka 1957. Mfanyakazi mmoja alitaka kahawa yake ya mapumziko, hakupata maji ya moto, akatikisa kahawa ya unga na maji baridi kwenye chombo cha kutikisia. Leo huko Ugiriki hicho ni kinywaji cha nchi nzima, na hakuna anayemwambia Mgiriki kwamba siyo kahawa. Yangu angalau imetengenezwa Bukoba.

KIJANA WA MGAHAWA: Sikatai kwamba ni kahawa. Nasema mtu mwingine ameshakupikia kiwandani, akakausha, na harufu nyingi ikaondoka wakati wa kukausha. Unakunywa nguvu bila ladha.

MUUGUZI: Saa tisa usiku, wodi imejaa, nguvu ndiyo ninayoitafuta. Na hiyo inanileta kwenye jambo la mwisho kwa mama. Kahawa ya Kagera, robusta, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Ukiiloweka ikatoka laini, haina uchungu wa kukuonya, mtu anakunywa glasi kubwa mbili akidhani anakunywa juisi. Kikombe cha mzee kina onyo lake mle ndani: ni kidogo, ni chungu, ni cha moto. Glasi yako haina. Mjamzito, mwenye presha, na mtoto, wasimiminiwe kwa kipimo cha juisi.

MAMA WA NYUMBANI: Hilo nalichukua. Nitapunguza kwa maziwa, nusu kwa nusu. Na niongeze: robusta ndiyo inayofaa kulowekwa. Kijana analia na harufu ya Kilimanjaro, basi Kilimanjaro abaki nayo, aichemshe. Robusta ukiichemsha ni kali, ukiiloweka inapoa hasira, na maziwa hayaifichi.

KIJANA WA MGAHAWA: Hapo umesema jambo ambalo ningelipeleka kazini. Lakini msimamo wangu haujasogea. Mwenye kahawa nzuri ya mlimani asiiloweke.

MSIMAMIZI: Mgeni amebisha hodi sasa hivi, hamkutayarisha kitu, joto linaua. Kila mmoja anafanya nini?

KIJANA WA MGAHAWA: Nachemsha maji. Kabla hajamaliza kusalimia watoto, glasi iko mezani.

MUUGUZI: Natikisa chupa mbele yake, na yeye namwomba atikise ya kwake.

MAMA WA NYUMBANI: Mimi nafungua friji. Nililoweka jana.

MSIMAMIZI: Na kama hukuloweka?

MAMA WA NYUMBANI: Atakunywa maji ya ndimu, na nitamwambia arudi kesho. Sitachemsha kwa ajili ya kumfurahisha kijana.

MUUZA KAHAWA: Mimi mgeni namtolea kigoda na kikombe cha moto, akilalamika joto tunahamia kivulini. Ila niseme moja ambalo nyote mmelizunguka. Kahawa iliyosagwa zamani ikakaa kwenye mfuko uliofunguliwa haina cha kutoa. Ichemshe, iloweke, itikise, utapata uchungu na rangi basi. Nchi hii inalima kahawa Kagera, Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, sehemu kubwa inapanda meli, na sisi tunabaki kubishana juu ya barafu tukiwa na unga wa mwaka jana. Nunueni buni nzima zilizokaangwa karibuni, kidogokidogo, msage za siku hiyo tu. Asiye na kinu azilete kijiweni, nitamtwangia ukubwa anaoutaka, chenga au unga, bila malipo. Lakini kikombe cha kwanza atakinywa hapohapo, cha moto.